Presha Iliyopanda Kidogo



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya neno moja dogo tulisikialo kila siku barazani, nalo ni neno lenyewe “kidogo.” Mtu akirudi kutoka zahanati, wa nyumbani mwake humwuliza, “Wamekuonaje?” Naye hujibu, “Hawakuona kitu. Presha imepanda kidogo tu.” Basi wote humshukuru Mungu, chakula huletwa, na habari imekwisha. Sisi nasi tumepata kujibu hivyo, tena si mara moja.

Lakini liko jambo lililotukia huku kwetu Kilangali ambalo limetufanya tulitazame neno hilo upya. Jina la mtu hatulitaji, wala haifai kulitaja. Alikuwako mwalimu mwenzetu, mtu wa miaka 48, mwembamba wa mwili, mwenye sauti nzuri ya kuimbisha. Pombe hanywi, wala tumbako havuti. Asubuhi moja ya masika alikuwa akiandika ubaoni, chaki ikamwanguka. Akainama kuiokota, asiweze kuinuka tena. Watoto walicheka kwanza, wakidhani awachezea. Kumbe mkono wake wa kuume umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno yake hayasikiki. Ni kiharusi.

Hospitali alipelekwa, ila si siku ile. Ndugu zake walimpeleka kwanza kwa mtu wa kupunga pepo, akakaa huko siku mbili. Na katika siku hizo mbili maneno yalienea ya kuwa shangazi yake mzee, ambaye walikuwa wamegombana naye juu ya jaruba la mpunga, ndiye aliyemtupia. Twaona haya kuandika ya kuwa maneno hayo yalisemwa na watu waliobatizwa, wengine wakiwa wamesimama mlangoni mwa kanisa. Mama yule akaacha kuja ibadani.

Baadaye mke wa mwalimu alifungua kitabu cha nyimbo cha mumewe, akakuta karatasi ndogo iliyotiwa mle kuwa alama ya ukurasa. Ilikuwa karatasi ya zahanati, ya tarehe ya miaka minne nyuma. Imeandikwa: 138/88. Na chini yake: “Rudi baada ya miezi 3.” Hakurudi. Yeye naye alikuwa ameambiwa ni kidogo.

Hatusemi ya kuwa karatasi ile yaeleza yote. Yumkini katika miaka ile minne presha yake ilizidi kupanda, na hakuna aliyeipima. Lakini hapo ndipo penye maneno yetu.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Moyo ni mfano wa pampu. Kila upigapo husukuma damu ndani ya mishipa ipate kufika kichwani, figoni na hata ncha za vidole. Msukumo huo wa damu ndio watu wauitao presha. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapobana, namba ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapopumzika. Kitambaa cha kufunga mkononi na kujaza pumzi kilibuniwa na tabibu wa Kiitalia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Na mwaka 1905 tabibu wa Kirusi, Nikolai Korotkov, akafundisha namna ya kuusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni, ndipo namba ya chini nayo ikapimika vizuri. Hesabu yake ni kwa milimita za zebaki, na mashine za leo zisizo na zebaki hata chembe zaifuata hesabu ile ile.

Sisi wa Kilosa twaujua mto Mkondoa. Wakati wa kiangazi huwa mpole, hata mgeni aweza kuudharau. Lakini maji mapole nayo hula kingo, bonge kwa bonge, wala hapana asikiaye. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto ule ulipovunja tuta, ukaingia mjini na kuikata reli, ndipo kila mtu aliposikia. Mishipa ya damu nayo ni vivyo hivyo. Damu ikipita kwa nguvu iliyozidi kidogo, mchana na usiku, mwaka hata mwaka, kuta za mishipa huumia, hunenepa na kukakamaa. Tundu hupungua. Tundu likipungua, moyo hulazimika kusukuma zaidi, na presha hupanda tena. Mishipa midogo ya ubongo na ya figo ndiyo iumiayo upesi, kwa kuwa ni myembamba sana. Na katika kazi hiyo yote mwenye mwili hasikii kitu. Wengi wetu twangoja kichwa kiume ndipo tukapime, kana kwamba presha ina desturi ya kubisha hodi. Kwa kawaida haibishi hodi.

Sasa, kidogo ni kiasi gani? Kwa muda mrefu waganga wamesema ya kuwa aliye chini ya 120 kwa 80 yu salama, na aliyefika 140 kwa 90, akipimwa zaidi ya mara moja, ana ugonjwa. Katikati pana uwanja ambao wakubwa wa elimu hiyo bado wanashindana kuupa jina. Waganga wa Marekani mwaka 2003 waliuita hali itanguliayo ugonjwa. Mwaka 2017 wakausogeza mpaka, wakanena ya kuwa 130 kwa 80 ni ugonjwa tayari. Wale wa Ulaya (twasema Ulaya ya ng'ambo, si Ulaya yetu hii ya njia ya Mikumi) mwaka 2024 wakauita presha iliyoinuka. Shirika la Afya Duniani katika maagizo yake ya mwaka 2021 lilibaki na 140 kwa 90 kuwa mahali pa kuanza dawa kwa watu wengi. Majadiliano hayo yafanana na ya wenye majaruba wanaogombania mpaka: maji hayaujui mpaka, hupita tu.

Nayo hupita kweli. Mwaka 2002 wataalamu wa Oxford, Uingereza, walikusanya hesabu za tafiti 61, zenye watu wazima wapatao 1,000,000. Wakaona ya kuwa, kwa watu wa miaka 40 hata 69, hatari yaanza kupanda tangu 115 kwa 75. Kila namba ya juu iongezekapo 20, au ya chini 10, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa maradufu. Hawakuona mahali katika ngazi hiyo ambapo mtu aweza kusema, “Chini ya hapa si kitu, na juu ya hapa ni ugonjwa.” Basi mwenye 135 kwa 85, ambaye huambiwa aende zake, hatari yake ni mara mbili ya mwenye 115 kwa 75.

Mtu asiogope kupita kiasi. Mara mbili ya kitu kichache bado ni kichache, na wengi wenye 135 watazeeka salama. Lakini Mwingereza mmoja, Profesa Geoffrey Rose wa London, alionyesha katika miaka ya 1980 jambo ambalo mkulima wa mpunga hana shida kulifahamu. Ukiwa na tundu moja kubwa katika tuta la jaruba, utaliona na kuliziba. Lakini ukiwa na matundu mia ya panya, kila moja likitoa maji kidogo, asubuhi utakuta jaruba kavu, wala hujui la kulaumu. Watu wenye presha ya juu sana ni wachache. Wenye presha iliyopanda kidogo ni wengi mno. Kwa sababu ya wingi wao, sehemu kubwa ya viharusi hutoka kwao, nao ndio tusiowaangalia.

Tena “kidogo” haikai mahali pamoja. Katika mji wa Framingham, Marekani, ambako watu wamefuatwa kwa vipimo tangu mwaka 1948, ilitangazwa mwaka 2001 ya kuwa kwa wale wenye namba ya juu ya 130 hata 139, au ya chini ya 85 hata 89, watu 37 katika kila 100 walio chini ya miaka 65 walivuka mpaka wa 140 kwa 90 ndani ya miaka minne tu. Walio wa miaka 65 na zaidi walikuwa karibu nusu. Miaka minne! Ndiyo ile ile ya karatasi iliyokuwa katika kitabu cha nyimbo.

Wako watakaosema ya kuwa mwalimu wa kijijini angewezaje kujua. Basi na wasikie habari ya Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, aliyekuwa na tabibu wake karibu siku zote. Mwaka 1935 presha yake ilikuwa 136 kwa 78, ndiyo hiyo hiyo kidogo. Mwaka 1937 ilikuwa 162 kwa 98. Mwaka 1941, 188 kwa 105. Siku hizo dawa zifaazo zilikuwa bado, na tabibu wake mkuu, ambaye elimu yake hasa ilikuwa ya pua na koo, aliwaambia watu ya kuwa Rais ni mzima. Tarehe 12 Aprili 1945 alishika kichwa, akalalamika maumivu makali, akafa siku ile ile kwa damu kuvuja ubongoni. Presha yake ilikuwa imepita 300. Yeye alikosa dawa. Sisi leo dawa zipo, tunachokosa ni kurudi kupimwa.

Liko neno jingine litupingalo: ya kuwa presha ni ugonjwa wa Wazungu, na wa watu wa mjini wenye vitambi. Neno hilo lilikuwa na msingi zamani. Mwaka 1929 tabibu wa Kiingereza aitwaye Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kavirondo Kusini, Kenya, aliandika ya kuwa amewapima Waafrika 1,000 na kuona presha zao hazipandi kwa uzee kama za Wazungu. Tena katika wagonjwa 1,800 waliolazwa hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Wengine wakasikia habari hiyo na kudhani ya kuwa damu ya Mwafrika ina kinga. Walikosea. Katika miaka ya 1960 tabibu Shaper na wenzake waliwapima vijana wa Kisamburu walioandikwa katika jeshi la Kenya. Walitoka katika maisha ya maziwa na mifugo wakaingia katika posho yenye chumvi nyingi, na presha zao zikapanda. Tena mwaka 1990 ulitangazwa utafiti wa Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi: muda mfupi baada ya kufika mjini presha zao zilizidi za wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na kidogo zaidi ya yale madini ya potasiamu yapatikanayo katika mboga na matunda. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni chungu, mizigo na mashaka.

Na mtu wa shamba asijisifu. Mwaka 2000 ulitangazwa utafiti wa Tanzania uliolinganisha Ilala, mjini Dar es Salaam, na kijiji cha Shari huko Kilimanjaro. Pande zote mbili watu wazima wapatao 30 katika kila 100 walikuwa na 140 kwa 90 au zaidi. Katika hao wagonjwa, wasiofika 20 katika 100 ndio waliojua. Kama 10 walikuwa na dawa. Na presha iliyotulizwa sawasawa haikupatikana hata kwa mmoja katika 100. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, wenye ugonjwa huo walikuwa kama 26 katika kila 100, kwa watu wa miaka 25 hata 64. Nao hao ni wale waliokwisha kuvuka mpaka; wenye “kidogo” hawamo katika hesabu hiyo.

Lililotushtua zaidi ni la jirani zetu. Katika miaka ya 1990 wachunguzi walihesabu vifo, nyumba kwa nyumba, katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Morogoro Vijijini ndiko kulikokuwa maskini kupita kote. Wakaona ya kuwa wanaume wa miaka 15 hata 64 waliokufa kwa kiharusi Morogoro Vijijini ni 35 katika kila 100,000 kwa mwaka. Huko Uingereza na Wales, kwa umri huo huo, walikuwa kama 11. Huo ndio ugonjwa wa Wazungu!

Sasa tuje jikoni, maana ndipo kazi yetu kubwa ilipo. Wazee wetu walipata chumvi kwa shida. Nyingine ilitoka Uvinza, ikachukuliwa vichwani mwa wapagazi mwendo wa siku nyingi. Penginepo watu walichuja majivu ya majani. Mtu hakuitupa ovyo. Siku hizi pakiti ni rahisi kuliko sabuni, nasi twaimimina. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na chumvi iliyomo tayari katika mkate, dagaa wa chumvi, ng'onda na vile vipande vya viungo vya supu ambavyo vimekuwa kama mfalme wa jikoni.

Walimu wenzetu, liko jaribio jepesi lifaalo hata kufundishia hesabu. Andika tarehe juu ya pakiti ya nusu kilo siku unapoifungua. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akila gramu 5, itatumia gramu 30 kwa siku. Pakiti yapasa kukaa siku 16 au zaidi. Nyumbani kwetu ilikwisha siku ya 9. Tulipopiga hesabu, tuliona ya kuwa kila kichwa, hata cha mtoto, kilikuwa kikila gramu 9, bila kuhesabu dagaa. Mama wa nyumba yetu alicheka, kisha akanyamaza. Tangu hapo dagaa huoshwa kwa maji mawili, chumvi haiwekwi mezani, na mchuzi hutiwa limau, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya nyingi. Juma la kwanza watoto walinung'unika. Juma la tatu walikula kwa jirani, wakarudi wakisema mboga ya huko ni kali kwa chumvi. Ulimi hujifunza.

Ila chumvi ichaguliwe ile yenye madini joto, kama sheria ya nchi ilivyoagiza, kwa maana kuikosa huleta uvimbe wa shingo na kudumaza akili za watoto. Tumesema ipunguzwe, hatukusema itafutwe ya kienyeji. Huko China, katika vijiji 600 vya mashamba, watu karibu 21,000, wazee wenye presha na wale waliokwisha kupata kiharusi, walifuatwa. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Mwaka 2021 ikatangazwa ya kuwa viharusi vilipungua 14 katika kila 100. Chumvi ya namna hiyo yaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa figo, kwa hiyo asiitumie mtu bila kuuliza. Lakini sisi potasiamu yetu yaota nyuma ya nyumba: mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu, maparachichi, machungwa. Twaviuza kando ya barabara ya Mikumi, na fedha yake twanunulia soda na mkate mweupe.

Juu ya pombe hatutasema mengi, kwa kuwa mwajua tusemayo. Wako wazee ambao, tukigusa jambo hilo, hukumbuka upesi shauri la Mtume Paulo kwa Timotheo juu ya divai na tumbo lake. Twawajibu ya kuwa Timotheo alipewa kiasi kidogo kwa ajili ya maradhi, hakupewa debe. Pombe nyingi hupandisha presha, hilo limethibitika. Na tumbako, hata isipoipandisha siku zote, huharibu mishipa ile ile. Mkulima hana haja ya kuambiwa atembee; walimu na makarani ndio tunaoambiwa, sisi ambao siku hizi hata kwenda kanisani twaita pikipiki. Nusu saa ya kwenda kwa miguu kila siku ni dawa isiyouzwa. Na mwenye uzito uliozidi akipunguza hata kilo chache, presha nayo hushuka.

Namna ya kupimwa nayo ni jambo. Mtu asipimwe huku akitweta kwa njia, wala akiwa amebana mkojo, wala mara baada ya kahawa au sigara. Akae dakika tano, ameegemea, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza sawa na moyo, bila kuzungumza. Apimwe mara mbili. Namba moja ya siku moja haimhukumu mtu, kwa kuwa hofu ya kipimo yenyewe hupandisha presha; ndiyo sababu huambiwa arudi. Na akiambiwa arudi, arudi. Karatasi na isiwe alama ya kitabu. Iandikwe tarehe ya kurudi ukutani, pale penye kalenda ya kanisa.

Kwa wengi wenye presha iliyopanda kidogo hakuna dawa ya kumeza, ila hayo tuliyoyataja. Lakini aliye na kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, au aliyekwisha kupata kiharusi, mganga aweza kumwanzishia dawa mapema kuliko mwenzake. Aliyekwisha kupewa dawa asiache kwa sababu amejisikia vizuri au ameombewa. Amejisikia vizuri tangu mwanzo. Ndio ujanja wa ugonjwa huu. Na mama mjamzito sheria yake ni nyingine kabisa: presha ikipanda, au akivimba uso, au akiumwa kichwa kikali, au macho yakiona giza, asingoje miezi mitatu wala siku tatu. Aende leo, maana kifafa cha mimba huua mama na mtoto.

Twarudi kwa mwalimu wetu. Mdomo ukienda upande ghafula, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hilo si pepo wala si jirani. Ni mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka, na kila saa ipitayo sehemu ya ubongo inakufa. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, na njiani asilishwe wala asinyweshwe, asije akapaliwa. Sala na zifanyike njiani. Siku mbili zile alizokaa penye ngoma, hakuna mtu awezaye kumrudishia.

Yeye yu hai, Mungu ashukuriwe. Aketi barazani, afundisha watoto wake kusoma kwa sauti ndogo iliyovunjika, na ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mkewe alituomba tuitwae karatasi ile ya kitabu cha nyimbo, tukawaonyeshe watu. Tukaisoma kanisani baada ya matangazo, tukasema wazi ya kuwa neno lililosemwa juu ya shangazi yake ni uongo, na ya kuwa sisi wazee wa kanisa tulikawia kulikataa.

Muuguzi wa zahanati akakubali kuja na kipimo Jumapili ya tatu ya mwezi. Sisi wenyewe, tulipoketi kwanza ili wengine wasiogope, tulikutwa na 136 kwa 86. Miezi mitatu baadaye, pakiti ya chumvi ikiwa imejifunza kukaa siku 17, ilikuwa 128 kwa 82. Mama yule mzee alikuja siku ile ya kwanza. Alikaa mahali pake pa zamani karibu na mlango, na ibada ilipokwisha akasimama katika safu pamoja na watu waliokuwa wamemnena. Wake ulikuwa 142 kwa 84. Muuguzi akamwandikia arudi baada ya juma moja, naye akatuletea karatasi tumsomee tarehe, kisha akatuomba tumsomee mara ya pili.